Mkono wa Kobelo

Mzee Kobelo alimaliza wimbo wa mwisho, akaweka fimbo zake juu ya ngoma, akabaki amekaa. Fimbo ya kushoto ikabiringika, ikaanguka sakafuni. Hakuinama kuiokota.

"Imeingia?" aliuliza kwenye kipaza sauti.

"Imeingia, Ba'mdogo," Asteria alimjibu kutoka chumba cha mitambo.

Na kweli ilikuwa imeingia. Kwenye kioo cha mtambo mbele yake mapigo ya mchana mzima yalikuwa yamejipanga kama mistari ya mahindi, isipokuwa kule ulikopita mkono wa kushoto. Huko shamba lilikuwa kama limeingiliwa na nguruwe. Pigo moja limechelewa, la pili limewahi, la tatu limegonga ukingo wa chuma badala ya ngozi. Mahali pengine palikuwa na mapigo mawili ambapo mpigaji alikusudia moja, kwa kuwa mkono ulitetemeka ukiwa njiani kushuka.

Asteria Kunambi alikuwa fundi wa sauti katika studio ya Kihonda, Morogoro, na Kobelo Kunambi alikuwa mdogo wa marehemu baba yake. Ndiye aliyemfundisha kusikiliza. Enzi za utoto wake alikuwa akimketisha nyuma ya jukwaa la Ngerengere Jazz na kumwambia, "Usisikilize wimbo. Msikilize mtu mmoja mpaka umjue, kisha mwache, umsikilize mwingine." Kazi yote ya Asteria, miaka yote aliyokaa mbele ya mitambo, ilitokana na maneno hayo.

Rajabu Kinole, mwimbaji na kiongozi wa bendi, alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake.

"Unaona?" alisema.

"Naona, Kaka Rajabu."

"Mimi sihitaji kuona. Nimezeeka nikiimba mbele ya ngoma zile. Leo nilikuwa kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Nikikanyaga, ngazi haipo." Akashusha sauti, ingawa kioo kati yao na Kobelo hakikupitisha hata chafya. "Mkono wake si mnao humu?"

Walikuwa nao. Zamani za babu zao, fundi aliyetaka kuficha pigo bovu alilikata na kubandika sampuli mahali pake, yaani pigo moja zuri lililorekodiwa kando. Muziki ulitoka safi, lakini kila pigo lilikuwa pacha wa lenzake, na mwenye masikio alihisi anasikiliza cherehani. Mitambo ya siku hizi ilikuwa imevuka huko. Ilihifadhi mkono wenyewe. Kobelo alipokuwa na nguvu zake aliwahi kushinda studio hii hii wiki nzima akipiga kila ngoma na kila toazi, kwa upole, kwa hasira, akiwa ameshiba, akiwa amechoka, mpaka mtambo ukajua desturi yake yote: anavyochelewa kidogo kabla ya kiitikio, anavyolegeza kiwiko mwimbaji akivuta pumzi. Hazina ya mkono, ndivyo mafundi walivyoiita. Sasa ukiupa mtambo pigo bovu, haukuuliza limekosea wapi. Uliuliza mkono ulitaka kufanya nini, kisha ukalifanya hilo.

Kanuni yake ilikuwa moja tu: mwenye mkono aarifiwe.

"Basi tumwite tumwambie," Asteria alisema.

"Umwambie nini? Kwamba amekwisha?" Rajabu akavuta kiti, akakaa karibu naye. Macho yake yalikuwa mekundu. "Asteria, mdogo wangu, nisikilize. Hatumwekei mkono wa mtu mwingine. Ni wake. Na kile alichokuwa akikitaka moyoni leo, akikitafuta pale kwenye kiti chake jasho likimtoka, ndicho hicho mtambo utakachopiga. Uongo uko wapi hapo?"

Kupitia kioo Asteria alimwona ba'mdogo wake ameinama hatimaye kuokota fimbo. Vidole vikaifikia, vikaikosa, vikairudia. Alipoishika aliinua kichwa haraka kutazama upande wa kioo, kama mtu anayetaka kujua kama ameonekana. Asteria akageuza uso.

Wote walipoondoka alifungua hazina. Mtambo ukauliza kwa sauti yake tulivu, "Mwenye mkono amearifiwa?"

"Ndiyo," Asteria alisema.

*

Kobelo alikuja kusikiliza akiwa amevaa shati la jukwaani. Alikuja na mkewe, Leokadia, mwanamke mnene mpole ambaye kwa miaka miwili sasa ndiye aliyekuwa akimfunga vifungo.

Wimbo wa kwanza ulipoanza alifumba macho. Ngoma ya mguu ikaingia, kisha ile ndogo ya kushoto, na ikakaa mahali pake kama ufunguo kwenye kitasa. Leokadia alianza kutikisa kichwa. Kobelo hakutikisika. Nyimbo zote alizisikiliza hivyo, mikono yake ikitetemeka juu ya magoti kama kawaida, na mwishoni machozi yalikuwa yamefika kwenye ndevu.

"Kumbe," alisema. "Nikipiga sijisikii vizuri, unajua. Ndani ya masikio yangu nilikuwa naharibu. Nilikuja leo kuwaambia mtafute mtu mwingine." Akamgeukia Asteria. "Umegusa kitu hapa?"

Rajabu alikuwa mlangoni. Asteria aliutazama uso wa ba'mdogo wake, uso uliokuwa umekunjamana kwa muda mrefu na sasa umefunguka, akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Nimesafisha tu, Ba'mdogo. Vumbi vumbi."

"Vumbi vumbi!" Kobelo akacheka. Akasimama bila kushikwa, akampa mkewe mkono. "Mama, twende kwa miguu leo."

Asteria aliwatazama kutoka dirishani. Walikwenda polepole chini ya paa za vioo vya jua zilizofunika mtaa mzima, na mzee alikuwa akimweleza mkewe kitu kwa mikono yote miwili. Kwa siku chache Asteria alilala vizuri. Alijiambia amemlipa fadhila.

*

Mwezi haukuisha, Leokadia akapiga simu, sauti yake imejaa furaha.

"Mwanangu, Mungu mkubwa! Tumetoka kliniki sasa hivi. Daktari anasema ule ugonjwa wa kutetemeka umerudi nyuma. Amempunguzia dawa, tena amepunguza sana."

Asteria alikuwa anakunja nyaya. Akaacha. "Amejuaje kama umerudi nyuma, Mama Mdogo?"

"Si kwa zile nyimbo! Hukujua? Huyu Daktari Mwaipaja hataki kuwapima watu pale kliniki. Anasema mgonjwa akiwa mbele ya daktari anajikaza, anaonekana mzima, akifika nyumbani anaanguka. Anamwambia kila mtu amletee kazi yake halisi. Fundi cherehani analeta nguo alizoshona. Mwalimu analeta mwandiko wake. Ba'mdogo wako alipeleka ile rekodi mliyompa. Mashine yao inasikiliza ule mkono wa kushoto, kisha inakipangia kile kidude alichofungwa begani kiasi cha dawa cha kummwagia mwilini."

"Daktari hakuuliza chochote?"

"Aliuliza. Alisema, 'Mzee, hii ni kazi yako halisi, haijaguswa?' Ba'mdogo wako akamwambia, 'Kairekodi mtoto wa kaka yangu mwenyewe.' Basi, daktari akaridhika."

Siku iliyofuata Asteria aliwahi nyumbani kwa Kobelo, Bigwa, kabla jua halijawa kali. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Ba'mdogo, nimekudanganya. Ba'mdogo, piga simu kliniki. Yalikuwa maneno machache na hakuna hata moja lililokuwa gumu kutamka.

Alimkuta Kobelo jikoni, amekaa peke yake mbele ya chai, na mkabala naye kuna kiti kitupu.

"Shikamoo, Ba'mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Hapana, si hicho. Chukua kile kingine." Akacheka kwa aibu. "Mazoea tu. Kiti hicho kilikuwa cha baba yako."

Asteria alijua habari hiyo. Dawa ile, ikizidi, iliwaonyesha wagonjwa watu wasiokuwapo. Zaidi ya mwaka mzima Kobelo alikuwa akimwona kaka yake aliyekufa ameketi jikoni na koti lake la kijivu, hasemi kitu, anamtazama tu. Mwanzoni alipiga kelele. Baadaye akawa anampisha mlangoni.

"Tangu wapunguze dawa haji tena," Kobelo alisema. "Nakunywa chai yangu nikiwa na akili zangu. Hujui ni raha kiasi gani kukitazama kiti na kuona kiti." Akakivuta kikombe karibu. "Ila namkosa. Ajabu, eti? Namkosa."

Kikombe kilikuwa kinagonga kisahani. Kilikuwa kinagonga zaidi kuliko mwezi uliopita, na Asteria, aliyefundishwa na mtu huyu kusikiliza, alisikia kila mgongano. Alisikia pia miguu yake ikiburuzika sakafuni alipoinuka kufuata sukari, na jinsi ilivyoganda mbele ya kabati, kama imeulizwa swali, kabla ya kuendelea.

"Ulikuwa na neno?" Kobelo alimuuliza. "Umekuja mapema."

Ilitosha kusema sasa. Angesema, na dawa ingerudishwa, na baba yake angerudi kwenye kiti na koti lake. Angesema, na mtu huyu aliyetembea kwa miguu kutoka Kihonda angejua kwamba siku ile masikio yake yalimwambia kweli, na watu wote waliobaki walimdanganya.

"Nilikuja kuwasalimu tu," Asteria alisema.

Alikunywa chai akamaliza. Mzee alimsindikiza mpaka mlango wa nyuma, akampungia mkono. Asteria alidhamiria kurudi kesho yake aseme kweli.

Kesho yake asubuhi, kwenye ngazi za mlango huo huo wa nyuma, miguu ya Kobelo iliganda huku mwili ukiwa umeshatangulia. Alikuwa amebeba ndoo ya kumwagilia mchicha. Nyonga ilivunjika kama kuni kavu, na Leokadia, aliyekuwa upande wa barabarani akinunua mkaa, hakusikia lolote mpaka jirani alipomkimbilia.

*

Asteria alimweleza daktari kwanza, palepale kwenye korido ya hospitali. Daktari Mwaipaja alimsikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti.

"Nilimuuliza," alisema. "Hakunidanganya, kwa sababu hakujua. Nenda ukamwambie mwenyewe. Mimi naenda kurekebisha dawa."

Kobelo alikuwa amelala chali, mguu umefungwa kwenye kile chuma chepesi kinachounga mifupa. Asteria alimwambia yote bila kujitetea. Leokadia, aliyekuwa pembeni ya kitanda, aliweka kitambaa mdomoni na kutoka nje.

Mzee alimgeukia Asteria. "Unayo ile ya kweli?"

"Ninayo."

"Niwekee."

Asteria alimwekea vipokea sauti masikioni. Safari hii hakufumba macho. Alikuwa akitazama dari, na mara moja moja midomo yake ilihesabu. Ulipofika wimbo wa tatu aliinua kidole, akakiacha hewani, akakishusha mahali ambapo ngoma zinageuka kuingia kiitikio.

"Umesikia hapo?" alisema.

"Nimesikia."

"Hukusikia." Sauti yake haikuwa na nguvu, lakini Asteria alirudi nyuma hatua. "Mkono ulikuwa unanikimbia. Niliufuata, nikaukamata, nikaurudisha, nikafika pale pa kugeuka pamoja na Rajabu. Umechelewa, sawa, lakini nimefika. Wimbo mzima ni hivyo. Sijawahi kufanya kazi kama siku ile tangu nizaliwe, Asteria. Yule Kobelo kijana mliyemweka humo hakuwa anajua hata anachokifanya. Alikuwa anapiga tu, mikono inamtii. Mkaichukua kazi yangu mkaitupa, mkanipa ya kwake, na mimi mjinga nikalia kwa furaha."

"Nisamehe, Ba'mdogo."

"Nimekufundisha kumsikiliza mtu mmoja mpaka umjue." Akageuza uso ukutani. "Nenda nyumbani."

*

Asteria aliitwa tena baada ya Kobelo kurudishwa Bigwa. Rajabu alikuwa ameshafika, amekaa kwenye ukingo wa kiti, kofia mkononi. Ilionekana wameshazungumza, na Rajabu alikuwa amelia.

"Kazi itoeni," Kobelo alisema. "Wenzangu wamepiga vizuri, siwezi kuwazuia kwa ajili yangu. Lakini jina langu msiliweke. Siku ile mimi sikupiga vile."

"Mzee Kobelo, watu watauliza ni nani."

"Utawajibu wewe, si mimi." Akamgeukia Asteria. "Na ile hazina ifutwe. Nikifa, huyu bwana atataka kuendelea kunipigisha. Usikatae, Rajabu, nakujua. Utafanya kwa upendo, kama mlivyofanya hili."

Rajabu aliinamisha kichwa.

Hazina ya mkono haikuweza kufutwa na fundi. Iliweza kufutwa na mwenyewe tu, kwa kupiga ngoma mpaka mtambo umtambue, maana mkono ndio uliokuwa ufunguo wa mkono. Asteria alikuwa amekuja na kigodoro cha mpira cha kufanyia mazoezi na mtambo mdogo wa safari. Alikiweka kigodoro juu ya mapaja ya mzee, akamshikisha fimbo.

Kobelo akapiga. Alipiga kwa makini, ulimi umetoka kidogo, kama mtoto anayejifunza kuandika.

"Mkono haukutambulika," mtambo ulisema. "Tafadhali mwite mwenye hazina."

Akapiga tena. Shingo ilianza kumeta jasho.

"Mkono haukutambulika. Tafadhali mwite mwenye hazina."

Leokadia akasema, "Mume wangu, pumzika." Hakupumzika. Alipiga mpaka fimbo ikamtoka, na kila mara sauti ile tulivu ilimwomba aende akamwite Kobelo Kunambi. Hatimaye akaegemea mto, kifua kikipanda na kushuka.

"Haunijui," alisema. Akawaza. "Si upo mkono wangu humo ndani?"

"Upo," Asteria alisema, na alikuwa ameshaelewa, na hakutaka kuelewa.

"Upe mtambo unachokitaka. Chukua nilichopiga sasa hivi, weka cha kijana, kama ulivyofanya."

"Ba'mdogo, siwezi kurudia."

"Unaweza. Safari hii umeniarifu."

Ilikuwa kazi ya muda mfupi. Asteria aliyachukua mapigo yale yaliyotawanyika, akaufungulia mtambo hazina, nao ukauliza mkono ulitaka kufanya nini. Kisha chumba kikajaa mdundo mwepesi, wenye dharau kidogo, wa mtu wa miaka arobaini ambaye hajawahi kuumwa hata jino. Rajabu aliziba macho kwa kofia yake. Leokadia alisogea mbele, kwa sababu huyo ndiye aliyemwoa.

"Karibu, Kobelo Kunambi," mtambo ulisema. "Unataka kufuta hazina yako?"

Mzee alimwashiria Asteria abonyeze. Alibonyeza. Mdundo ukakatika katikati, na mtambo haukusema neno tena. Kobelo alibaki ametega sikio muda kidogo, kisha akaomba apunguziwe mto.

*

Kazi ya Ngerengere Jazz ilitoka na mvua za kwanza, ikapendwa. Kwenye orodha ya wapigaji, mahali pa ngoma paliachwa wazi. Asteria alijitoa studio mwenyewe. Kila Jumapili alikwenda Bigwa kumsaidia Leokadia, na Kobelo alimruhusu, ingawa hawakuzungumza habari za muziki. Dawa ilikuwa imerudishwa juu. Wakati mwingine mzee alinyamaza katikati ya sentensi na kutikisa kichwa kusalimu upande wa jikoni.

Jumapili moja mchana walikuwa barazani, Leokadia anapakua ugali ndani, Asteria amechuchumaa na beseni na jagi la maji anamnawisha mzee. Jirani yao, Bwana Mdoe, aliyekuwa fundi wa paa za jua, alikuja akipiga makofi kabla hajafika.

"Mzee wangu! Kutwa nzima kwangu ni nyimbo zenu tu. Zile ngoma, baba! Na watu walisema unaumwa!"

"Si mimi," Kobelo alisema.

Sauti yake ilikuwa imepungua sana siku hizo. Mdoe akamwinamia Asteria. "Anasemaje?"

Asteria alilishika jagi kwa mikono miwili. "Anasema si yeye aliyepiga."

Mdoe akacheka mpaka akajishika mbavu. "Hawa wazee wa zamani, bwana! Hawapendi kusifiwa." Akampigapiga Kobelo begani kwa heshima, akaondoka zake akiimba, akigonga mdundo kwenye paja lake.

Kobelo alimtazama mpaka alipopotea nyuma ya ua. Kisha akanyoosha mikono tena juu ya beseni. Ilikuwa ikitetemeka vibaya, vidole vikigonga ukingo wa bati, mara moja, mara mbili, kimya, mara tatu. Asteria akammiminia maji. Hakuishika mikono ile ili itulie.